Nilivyomkumbatia Muzee Bendera Ikipanda

Ndugu zangu wa Bukavu, leo nimeadhirika. Si kidogo. Mji wa Goma umenitazama ukiwa umesimama wima, midomo imefungwa, na haukuwa na ruhusa ya kucheka. Ulipopata ruhusa, ulilipa deni lote.

Mnamjua Kavira, yule mwalimu wa darasa la pili, ambaye kila nikiandika neno "ziwa" katika hadithi zangu mnasema ni yeye ninayemwandika (sawa, nimesikia). Baba yake ni mfanyabiashara wa Butembo. Hushuka na lori la kabichi, huzipanga melini, huvuka kwenda huko kwenu, na kabla hujapata nafasi ya kumsalimia ameshapotea miezi mitatu. Sijawahi kumwona. Jana Kavira akaniletea habari: baba yupo, amekubali kunisikiliza, leo saa mbili asubuhi bandarini, kabla meli haijaondoka saa tatu. Akaongeza kwa sauti ndogo kwamba kuna bwana mmoja wa forodha, mwenye pikipiki, ambaye naye ameomba kusikilizwa. Yeye amepewa saa mbili na nusu.

Sikulala. Niliandika hotuba ya kurasa nne, nikaichana, nikaandika nyingine ya kurasa sita.

Mimi, kama mnavyojua, naishi Mugunga kwa mjomba. Mtu mwenye akili angeshika barabara kuu asubuhi na mapema, akafika mjini taratibu, mkavu, na akili zake zote. Lakini mimi nina njia yangu! Niliigundua mwezi uliopita na tangu hapo sina amani. Inaanzia nyuma ya migomba ya jirani, inapanda juu ya mawe meusi ya volkano ya zamani, halafu inatumbukia chini kati ya mikaratusi mpaka ziwani, na kutoka hapo inafuata ukingo wa maji hadi Keshero. Ni njia ya mbuzi na ya akina mama wachota maji. Mtu wa baiskeli hajapita kabla yangu, nadhani. (Mbuzi walinishangaa kwa namna hiyo.)

Basi saa kumi na mbili niko juu ya baiskeli ya mjomba, nyeusi, nzito kama kabati. Nimevaa shati jeupe. Viatu pia ni vya mjomba, vyake vya kwendea misa, na kwa kuwa sikutaka vikwaruzwe na mawe, nilifunga kamba zake pamoja nikavining'iniza shingoni. Miguu mitupu. Breki zilikuwa vipande vya raba nilivyokata mwenyewe kwenye kandambili ya bluu. Nilijivunia sana vipande vile.

Ndugu zangu, ile asubuhi! Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mawe, na gurudumu la mbele lilikuwa linaupasua. Mawe yanagonga, mifupa inajibu, kengele inalia yenyewe bila kuguswa. Unaruka ufa mmoja, unakwepa wa pili, wa tatu unakukwepa wewe. Halafu mikaratusi, halafu harufu yake, halafu mteremko. Niliachia. Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. Katikati ya mteremko kitu cha bluu kiliruka kushoto. Baadaye kidogo kitu kingine cha bluu kiliruka kulia. Nikaona ni ndege.

Hawakuwa ndege.

Nililigundua hilo ukingoni mwa ziwa, nilipotaka kusimama na baiskeli ikakataa. Mchanga ndio ulioniokoa. Pale Keshero njia ni tambarare na laini, maji yanapumua pembeni yako, kwa hiyo breki za nini? Mama mmoja aliyekuwa anafua aliniuliza nakimbilia wapi. Nikamwambia naenda kuposa. Akanitazama kuanzia viatu vya shingoni hadi vidole vya miguu, akanishauri nianze kwa kufunga vifungo vya shati.

Kutoka ziwani nilisukuma baiskeli kupanda hadi Katindo. Nikafika juu nimelowa jasho. Jua tayari lilikuwa kali, na bandari iko chini kabisa, na mbele yangu ule mteremko mrefu wa kuingilia mjini. Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya kuwa mtu mzima. Ningeshuka kwa miguu. Lakini nilikuwa nimeshayashinda mawe ya volkano, ndugu zangu. Mteremko wa barabara ya watu ni nini? Nikapanda.

Nilikuwa katikati, upepo umelijaza shati, narudia sentensi ya kwanza ya hotuba yangu, niliposikia filimbi.

Bendera.

Kwenu ni hivyo hivyo, sina haja ya kuwaeleza. Filimbi ikilia kwenye ofisi ya serikali, bendera inapandishwa na kila kitu husimama mpaka ifike juu. Lori likasimama, dereva akashuka, akanyooka. Akina mama wa soko wakasimama na mabeseni vichwani. Waliokuwa na baiskeli wakashuka. Barabara nzima, kutoka kona mpaka kona, ikawa msitu wa watu wasiotikisika. Vilivyokuwa vinatembea ni vitu viwili tu: mbuzi mmoja, na mimi.

Nilijaribu kusimamisha gurudumu kwa unyayo. Msijaribu. Unyayo si raba. Nikapiga kengele, halafu nikaona aibu, maana nilikuwa nampigia kengele nani? Hakuna aliyeweza kunipisha. Kupisha ni kutembea.

Basi nikafanya kile ambacho kila raia mwema angefanya. Nilitoa heshima. Nilisimama juu ya pedali, nikanyoosha mgongo, nikainua kidevu, nikashusha mkono wa kushoto ubavuni. Wa kulia nikauacha kwenye usukani. (Nusu ya heshima ni bora kuliko kukosa yote.) Na hivyo, nikiwa nimesimama wima kabisa, nikapita mbele ya mji. Watu walibaki wamekauka ila macho, macho yalikuwa yananisindikiza. Nikapita kati ya mama wa ndizi na mama wa maharagwe. Nikapita ubavuni mwa lori. Askari jandarme mwenye filimbi alinitazama nikija, akanitazama nikipita, na shingo yake haikugeuka hata kidogo. Yule ni mtu wa kazi.

Barabara ikaanza kulala, kasi ikapungua, lakini haikuisha. Na mbele yangu, katikati kabisa, alisimama muzee mmoja mnene mwenye abakosi ya kahawia, lile koti lisilovaliwa na tai, na suruali iliyopigwa pasi.

Gurudumu lilipita katikati ya miguu yake. Mimi niliupita usukani, nikampiga kifua kwa kifua, nikamshika shingo kwa mikono miwili ili nisianguke. Viatu vya mjomba vikazunguka vikampiga mgongoni, pa, pa.

Hakutikisika.

Nami sikuthubutu kuachia, maana bendera ilikuwa bado inapanda. Tulibaki hivyo. Na hapo kamba ya bendera ikakwama.

"Pardon, papa," nilimwomba radhi sikioni, bila kufungua midomo.

"Nyamaza. Usitikisike."

Tukasikia kamba inavutwa, inalegezwa, inavutwa tena.

"Freni ya hii kinga iko wapi?" akauliza kwa meno, macho yakiishukia baiskeli isiyo na breki.

"Ilibakia kule Mugunga, papa."

"Na viatu? Kwa nini umevalisha shingo?"

"Ni ya kuonyesha muzee moja kule bandari. Ninaenda kuomba binti yake."

Tumbo lake likawa gumu kama gogo. Mimi nikadhani amechoka kunibeba.

"Ule muzee," akasema polepole, "unamujua?"

"Hapana, papa. Banasema iko mukali sana. Na banasema anapenda kabichi kuliko batu."

(Ndiyo. Nilisema hivyo. Kinywa hiki ndicho mnachokialika kusoma hadithi.)

Nyuma yake nikasikia mlio mdogo, kama birika linalozuiwa lisichemke. Niligeuza macho tu. Hatua mbili nyuma ya muzee alisimama Kavira, wima, mikono ubavuni, machozi yanamtiririka kwa kicheko alichokuwa amekimeza. Mkononi alikuwa na kikapu cha chakula cha safari cha baba yake.

Ndugu zangu, nilimtazama Kavira. Nikautazama mgongo niliokuwa nimeukumbatia. Nikamtazama Kavira tena. Nilitamani bendera ikwame siku nzima.

Ikapanda. Filimbi ikalia. Na mji mzima ukaachia, akina mama kwanza, mpaka mabeseni yakawa yanacheza vichwani. Nikamwachia muzee. Ilimchukua muda kulitoa gurudumu katikati ya miguu yake, na lilikuwa limemchorea suruali mstari mrefu wa tope.

Jandarme akafika. Akasema mimi nilikuwa natembea wakati wa bendera. Nikajitetea kwamba iliyotembea ni baiskeli, mimi binafsi nilikuwa nimesimama, na mashahidi ni wengi. Hilo halikumfurahisha. Akasema twende ofisini tuandike maelezo, mimi na muzee pia, kwa kuwa yeye ndiye aliyegongwa. Muzee akauliza ni muda gani. Akajibiwa kwamba mkubwa huja saa nne, tena akija.

Muzee akatazama chini, kuelekea ziwani. Kutoka pale bomba la meli linaonekana, na lilikuwa limeanza kutoa moshi. Kabichi zake zote zilikuwa mle ndani.

"Huyu kijana ni nani yako?" jandarme akauliza.

Muzee akaitazama miguu yangu. Akavitazama viatu. Akamtazama binti yake, ambaye sasa alikuwa hacheki tena hata kidogo, ameshika kikapu kwa mikono miwili. Watu wakatusogelea wasikie.

"Ni mukwe wangu," akasema. "Alinikumbatia sababu ya furaha ya bendera. Kwetu tunafanya vile."

Mtu atamkamataje raia kwa furaha ya bendera? Jandarme akatuambia tukakumbatiane nyumbani.

Tuliteremka kuelekea bandarini haraka, muzee mbele, Kavira katikati, mimi nyuma nasukuma baiskeli, nimevaa viatu hatimaye. Hotuba ya kurasa sita ilikuwa mfukoni na sikuikumbuka hata neno moja. Karibu na geti muzee akasimama.

"Nilisema vile sababu ya kabichi," akaniambia.

"Ndiyo, papa."

"Nisikie vizuri. Sababu ya kabichi tu."

"Ndiyo, papa."

Akapangusa ule mstari wa suruali, ukaenea zaidi. "Lakini nimeshasema, na bamama yote ya soko balisikia. Sina wakati wa kuzunguka kwao moja moja nikakane." Akaguna. "Utakuja Butembo na bajomba yako, Kavira atakuambia siku gani. Mutakuja na lori. Hiyo chuma isikanyage kwangu."

Pale getini bwana wa forodha alikuwa tayari amekaa juu ya pikipiki yake, amepaka mafuta, anang'aa. Muzee akampa mkono kwa adabu sana, akamwambia pole, amechelewa kidogo, akapanda melini bila kugeuka nyuma.

Nimeketi sasa ukingoni mwa ziwa nawaandikia, unyayo umefungwa kitambaa. Ninaposwa! Hapana, ninaposa! Yule muzee atafika kwenu kabla ya barua hii, na nina ombi moja tu. Mkimwona sokoni Kadutu mtu mnene mwenye abakosi ya kahawia, suruali ina alama ya gurudumu, msimwulize kitu. Mwamkieni, nunueni kabichi, na mkachekee nyumbani.