Udongo Mwekundu wa Mlangoni Kwangu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimetoka mkutano wa kamati ya maji. Maji yanakuja mpaka huku kwetu juu! Ila kwa sasa ni bomba moja tu. Litasimama kwangu au kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tumetenganishwa na uzio wa miti na miaka mingi ya kuchunguliana.

Mwenyekiti alisema atakuja mpimaji wa udongo, atachimba viwanja vyote viwili, na udongo ndio utakaoamua. Sikuuliza utaamuaje. Cha kuuliza nini? Kizuri hupewa mwenye kizuri.

Lazima liwe langu. Kitindamimba wangu anaamka kabla ya jogoo kwenda kisimani. Akirudi na ndoo, kengele ya shule imeshalia. Mwalimu mkuu ameonya, akichelewa tena asisogee getini, na mtihani wa mwisho umekaribia. Mimi niliishia darasa la nne. Huyu hataishia kisimani, wallahi.

Nimemweleza baba watoto. Amesema tuuache udongo ujisemee wenyewe. Huyu ni mtu ambaye hata mimi aliniposa kwa mdomo wa shangazi yake.

Jumanne, tarehe 5

Mpimaji kaja. Kijana mrefu, kofia pana, suruali yenye mifuko hadi magotini. Kaanza kwa wifi. Nikaanika shuka. Nikaianua. Nikaianika tena. Ile shuka ilishakauka tangu juzi.

Wifi kamtolea kiti, kamtolea chai, kamtolea na jino la dhahabu kwa kucheka. Kijana hana habari. Anachimba. Anatoa bonge, analilowesha, analifinya kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka linatoka utepe. Halafu, jamani, akatia kidogo mdomoni! Akatafuna! Mimi mimba zangu zote sikuwahi kula udongo kwa utulivu ule.

Sururu ikalia ngaa. Mwamba! Hata kwenye magoti halijafika shimo. Kiwanja cha wifi kiko upande wa mwinuko, mawe yamelala chini kama mbavu za ng'ombe mwenye njaa. Nilifurahi mpaka nikaing'ata shuka.

Kisha nikamsikia mpimaji akimwambia wifi kwamba anachokitafuta hasa kwenye nyika hii ni ule udongo mwekundu wa kwenye nyasi, mwekundu na wenye kina kirefu. Alilitamka neno mwekundu kama mtu anayemtaja mchumba.

Akaja kwangu, akachomeka kijiti mahali atakapochimba. Atakuja kesho kutazama uso wa ardhi.

Mwekundu. Nimesikia.

Jumatano, tarehe 6

Asubuhi, baada ya Kitinda kuondoka (amechelewa), nikabomoa jiko letu bovu la tofali. Nikatwanga tofali kwenye kinu mpaka zikawa unga. Nikamwaga pale penye kijiti, nikachanganya kwa jembe. Nikaona mpimaji anaweza kuhamisha kijiti, nikamwaga na pembeni. Kisha uwani. Kisha nyuma ya choo. Nikipenda jambo sina kipimo.

Kuku wamekuwa wekundu. Mimi nimekuwa mwekundu mpaka viwikoni. Wifi akachungulia kwenye uzio, akauliza kwa upole kama nimechinja, na kama ni mtu tunayemfahamu.

Mpimaji akaja adhuhuri. Akachuchumaa. Akafungua kijitabu cha vipande vya rangi, kama vile vya muuza rangi za nyumba, akaweka pembeni ya udongo wangu. Akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Nikamwambia, hapo ni mwanzo tu, mwanangu, chini ni mwekundu zaidi.

Akanieleza taratibu. Udongo mzuri wa nyika hauwi mwekundu hivyo usoni. Juu unatakiwa uwe mweusimweusi wenye wekundu kwa mbali, kama chai ya rangi iliyokolea, tena uwe chengachenga, kwa sababu mizizi ya nyasi imezaliwa na kufia humo tangu enzi. Wekundu wenyewe uko chini, kwenye udongo wa mfinyanzi. Sasa ukiukuta wekundu mkali huku juu, ujue mvua imeshaubeba udongo wa juu. Umebaki uchi.

Uchi! Mbele ya wifi, aliyekuwa anachuma mchicha usiokuwepo karibu na uzio.

Amesema atachimba Ijumaa. Sawa. Siku moja inatosha kuuvisha nguo.

Alhamisi, tarehe 7

Leo wamemrudisha Kitinda getini. Kakaa jikoni na sare yake, ndoo pembeni, anasoma huku machozi yanadondokea kitabu. Nikamwambia asilie, mama yake ana mpango. Akalia zaidi. Sijui kwa nini.

Mpango: weusi. Nyumba yangu ina weusi wa kutosha. Nimekwangua masizi ya masufuria yote. Nimeomba majivu kwa jirani wa chini, kwa mwoka mikate, kwa fundi wa kufua vyuma. Nimesema ni ya kusugulia vyombo. Mwoka mikate akauliza nina vyombo vingapi.

Nikamwaga majivu na masizi juu ya tofali, nikakoroga, nikanyunyizia maji. Rangi ikatoka yenyewe! Chai ya rangi mtupu. Nikauonja kidogo, kama fundi. Sirudii.

Baba watoto alipofika alisimama, akatazama uwanja, akatazama masufuria yanavyong'aa. Akasema amekaa kwenye nyumba hii miaka yote hajui sufuria zetu ni za rangi ya fedha. Basi. Akaingia kulala.

Ijumaa, tarehe 8

Sitaki kuandika. Naandika.

Mpimaji alichimba. Uso aliutazama muda mrefu akaufurahia, nami nikaanza kutengeneza sura ya mtu mnyenyekevu. Kisha akatoa kichupa. Tindikali. Akaniambia ni ya kutafutia chokaa, na kwamba udongo wa ukoo huu chokaa yake hukaa chini kabisa, madoa meupe kama unga uliomwagika. Huku juu tone likidondoka halifanyi kitu.

Likadondoka.

Povu! Povu la kufulia! Udongo ulichemka, ukasema shwaaa, wifi akasikia kutoka kwake. Mpimaji akarudi nyuma. Akadondosha kwingine. Shwaaa. Kumbe majivu nayo yana uchokaa ndani yao! Nani aliniambia? Hakuna aliyeniambia. Darasa la nne hatukufika kwenye majivu.

Akavua kofia, akajikuna. Akasema kila udongo una ukoo wake, ndani ya ukoo una mlango, ndani ya mlango una nyumba, kama watu tu. Huu wangu una sura ya ukoo mmoja, tabia za mwingine, na wa tatu sijui ndiye aliyeulea. Hawezi kuuweka popote. Ataandika daraja la mwisho.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ilikuwa imeshapasuka, iko pale mbele yangu, ila nilikuwa nimevaa gauni jipya.

Wifi akapita getini makusudi kunipa pole. Akasema udongo ni kama tabia, mtu hajichagulii. Nikamshukuru. Meno yangu yote yalionekana.

Jumamosi, tarehe 9

Nimekwenda nyumba ya wageni anakolala mpimaji. Nikamkuta anakunywa uji. Nikasema yote. Tofali, masizi, majivu ya watu watatu. Nikamwambia habari za Kitinda na geti. Nililia kidogo. Sikukusudia, yalikuja.

Hakukasirika. Alisema aliona weusi unaishia pale jembe lilipoishia, umekatika kama kitambaa, akadhani labda kulikuwa na jalala la zamani. Kisha akauliza:

"Mama, kuna mahali popote kwenye kiwanja hujapagusa?"

Nikafikiri. Uwani, nimegusa. Nyuma ya choo, nimegusa. Pembeni ya banda la kuku, nimegusa mara mbili. Palibaki mahali pamoja tu. Mbele ya mlango, pale ninapofagia kila siku. Nani anamwaga majivu mlangoni kwake?

Basi akachimba mlangoni. Baba watoto alikuwa ndani anavaa kwenda harusini. Ikabidi atokee dirishani na suti yake, mguu mmoja kwanza.

Na lile shimo! Juu mweusimweusi, chengachenga laini, mizizi ya nyasi za zamani imejaa kama nywele. Chini yake hudhurungi. Chini tena mfinyanzi mwekundu, mabonge yanang'aa ubavuni kama yamepakwa mafuta. Mpimaji akazama mpaka kifuani, mpaka shingoni, mpaka ikabaki kofia. Hakuna jiwe! Chini kabisa yale madoa meupe. Tindikali kule juu: kimya. Kule chini: shwaaa, mahali pake, kwa heshima zake.

Alitoka amejaa udongo anacheka kama mtoto. Akaniambia ndio wenyewe, udongo mwekundu wa nyika, wa kina kirefu, hajauona mzuri namna hii msimu mzima. Daraja la kwanza!

Nilipiga vigelegele mpaka kuku wekundu wakakimbia. Wifi alifunga dirisha.

Jumatatu, tarehe 11

Mkutano. Nilikaa mbele. Nilikuwa na hotuba fupi ya shukrani.

Mwenyekiti akasoma: bomba liende kwa wifi yangu.

Nilikuwa nimeshasimama. Nimefika kwenye "Ndugu mwenyekiti, kwa niaba ya familia." Nikakaa.

Mpimaji akaeleza watu. Udongo wa kina kirefu kama wangu unashika mvua kama mtungi. Unaweza kukaa wiki na wiki bila kunyeshewa na mimea isijue. Ule wa wifi ni ngozi juu ya mwamba, maji hayakai, ndiyo maana unahitaji bomba. Watu wakatikisa vichwa kwa busara. Wote walijua! Kila mtu eti alijua!

Nikamfuata nje. Nikamuuliza, na lile shimo la Ijumaa je, lile la povu? Akasema kwa lile la Ijumaa bomba lingekuwa langu moja kwa moja, udongo duni kama ule hata punda angeuonea huruma. Akanipongeza kwa kusema kweli.

Jioni, mafundi walipomaliza kulifunga bomba kwake, wifi akaja kwenye uzio. Nikajiandaa kwa masimango. Nilikuwa na ya kujibu, nimeyapanga tangu njiani. Akasema:

"Wifi, mwambie mwanangu asiende tena kisimani. Achote hapa kwangu, wakati wowote. Sitaki kumwona na ile ndoo alfajiri."

Yale majibu yangu yote yakakosa pa kwenda. Nimesema ahsante. Ilitoka kama mwiba wa samaki.

Jumanne, tarehe 12

Kitinda amelala mpaka jua likaingia dirishani. Nilisimama kumtazama, mdomo wazi, anakoroma kama baba yake. Akachota ndoo kwa shangazi yake, akarudi hata jasho hana. Akanywa chai amekaa. Amekaa! Akaenda shule akitembea, wala hakukimbia. Nikajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kitu gani kingine mama atataka?

Kisha wifi akafungua lile eneo la bomba akaanza kupanda maua. Anaimba. Akaniita, akasema nisione haya, hata mimi nichote tu, bure.

Bure!

Mtoto achote, ni damu yao. Lakini mimi nipite pale na ndoo kila siku, niseme hodi, nisifie maua? Maisha yangu yote?

Mpimaji anarudi kesho kupiga picha ya mwisho ya shimo la mlangoni kabla halijafukiwa. Na mwenyekiti ataandamana naye. Shimo bado liko wazi, baba watoto bado anapita dirishani. Na pale kwenye uzio kuna lundo kubwa la mawe yaliyong'olewa kiwanjani kwa wifi miaka yote. Yamekaa tu, hayana kazi.

Nimeshayaingiza karibu yote. Nimeyapanga vizuri, yamelala kama mbavu, kina kimebaki kwenye magoti tu. Baba watoto alitoa kichwa dirishani akauliza ninafanya nini. Nikamjibu ninaziba mtu asije akatumbukia. Akanitazama. Akatazama mawe. Akarudisha kichwa ndani.

Tatizo moja tu, mawe yanaonekana mageni, meupe mno. Lakini nimeshalipatia dawa. Nimemwomba mwoka mikate debe moja la majivu, niyapake yaonekane ya zamani.