Mskoti wa Ujiji na Macho ya Mzee Nyabenda

Jumatatu, 1 Juni 1998

Watazamaji tisa tu kwenye banda langu la video. Wanne walilala. Kwa Yasmini, ng'ambo ya barabara, watu walikalia hata madebe ya mawese. Yeye ana televisheni kubwa na filamu za karate, ambazo hazihitaji maelezo: mtu anapigwa, anaanguka. Mimi nina televisheni ndogo na kanda sita za Hamish Kinloch, mcheza sinema mashuhuri wa Skotilandi. Nilizipata kwa daktari mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Nilimpa baiskeli. Mke wangu Marcelina huitaja baiskeli ile kwa sauti ya msibani.

Hapa Ujiji Kinloch ni Kinloki, na Hamish ni Hamisi. Wazee wa msikitini wana hakika ni mwenzao. Sijawabishia.

Shida ni kwamba Kinloki anaongea mno, na Kiingereza changu kiliishia darasa la saba. Natafsiri kwa kukisia, kwa kipaza sauti. Leo alikuwa anaongea na mwanamke mlangoni, nikaeleza kwamba anamposa. Sauti ikatoka nyuma, ya upole kabisa:

"Hapana, bwana. Anamwambia mume wake amefia vitani."

Banda zima likageuka. Mzee mwenye fimbo na kofia ya sufi. Nikamwambia kama anajua sana aje mbele. Akaja. Aliijua sinema nzima, mpaka jina la farasi.

Aibu. Ila wale wanne waliolala waliamka.

Jumatano, 3 Juni

Nimempata. Anaitwa Mzee Nyabenda, mkimbizi kutoka Burundi. Miaka thelathini aliendesha mashine ya sinema Bujumbura. Kiingereza alijifunza kwa kumsikiliza Kinloki huku akisoma maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Ana kibali cha wiki mbili kutoka kambini, cha kutibiwa macho. Miwani yake ilizama ziwani mwaka juzi, siku ya kukimbia. Hospitali wamemwambia macho yenyewe mazima, kinachotakiwa ni miwani, na miwani hawana.

Kwa hiyo mimi naona na sielewi. Yeye anaelewa na haoni. Tukikaa pamoja tunapata mtazamaji mmoja kamili. Namnong'oneza kilichopo kwenye picha, yeye ananong'oneza maana yake, mimi natangaza. Leo watu thelathini na mmoja.

Analala kwetu, chumba cha jenereta. Marcelina amempikia samaki wa mgebuka na kumwita baba. Mimi hajanipikia mgebuka tangu habari ya baiskeli.

Baada ya kula alitusimulia maisha ya Kinloki. Kwamba alianza kwa kubeba makaa ya mawe majumbani. Sinema yake ya kwanza alikuwa askari wa getini, akasema maneno mawili tu, na moja likakatwa. Kisha ndiyo zikaja zile za ubaharia zilizompa jina. Amekuwa Mrusi, amekuwa Mwarabu, amekuwa mfalme wa Uhispania, na kote aliongea kwa lafudhi ileile ya kwao. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema watu walimlaumu Kinloki kwa hilo, ila yeye anamheshimu. Mtu aliyekwenda kote na asiache namna ya kwao ya kusema.

Mpango wangu: kuonyesha sinema zote sita kwa mpangilio wa umri, kutoka nywele nyeusi mpaka mvi. Kuanzia Ijumaa, karibu moja kila siku. Ya mwisho tarehe 12.

Ijumaa, 5 Juni

Mzee ameomba ruhusa. Kila Ijumaa ofisi ya misaada mjini Kigoma inabandika orodha ya wakimbizi wanaotafuta ndugu zao. Ana binti, Ella. Walitengana ufukweni, siku ileile ya miwani. Boti zilikuwa mbili, watu wanasukumana. Yake ikafika huku. Ya Ella hajui kama iliondoka au ilirudi. Anataka nimpeleke mjini, nimsomee orodha.

Nilikuwa na tangazo la kuandika kwenye ubao na spika ya kutengeneza. Nikamwambia apumzishe miguu, nitakwenda mwenyewe. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Nilifika mjini kweli. Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi spika. Fundi alichelewa. Nilipotoka, saa tisa ilikuwa imegonga na onyesho ni saa kumi. Ubao wa matangazo ulikuwa mbali kidogo, na watu mbele yake wengi.

Nilipofika nyumbani alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia nimeisoma yote, juu mpaka chini. Jina halipo.

Alisema, "Sawa, mwanangu. Ni Ijumaa moja tu."

Watazamaji hamsini na wawili. Spika inakoroma kuliko mwanzo.

Jumatatu, 8 Juni

Tangazo langu limefika mpaka Mwandiga. Niliandika kwa rangi nyekundu: HAMISI KINLOKI, ANAELEZWA NA MZEE NYABENDA, BINGWA WA SINEMA KUTOKA BUJUMBURA. Ubao mmoja nimempa dereva wa lori la mahindi aufunge ubavuni.

Yasmini ameona. Mchana alikuja, mimi sipo, akamletea mzee supu na miwani ya marehemu baba yake. Nilipoingia nilimkuta Marcelina ameishika miwani ile kama yai. Mzee alikuwa kisimani, hajaiona bado.

Nilifikiri haraka, na hapo ndipo huwa naharibu. Akipata miwani atasoma mwenyewe, atatembea mwenyewe, na atavuka barabara mwenyewe mpaka kwa Yasmini. Nikamwambia Marcelina kwamba ni miwani ya kusomea Kiarabu, haitamfaa. Nikairudisha. Yasmini nilimwambia mzee anashukuru, ila amesema hapokei vitu vya marehemu.

Yasmini aliipokea miwani. Akasema mimi na yeye tumekua mtaa mmoja, na hajawahi kunisikia nikiwa mkweli saa za mchana.

Sinema ya leo: Kinloki ana miaka arobaini, amekataa kucheza tena baharia na anacheza mwalimu wa kijiji. Watu walitaka ngumi. Mzee aliwaeleza vizuri, wakatulia. Mimi nilishindwa kutulia.

Ijumaa, 12 Juni

Orodha tena. Tena nilikwenda mimi. Safari hii nilifika mpaka kwenye ubao. Naandika hili ili siku nyingine nisijidanganye: nilifika. Karatasi nne, herufi ndogo, bila mpangilio wa alfabeti. Nilisoma majina kumi na moja. Nikakutana na mwenye jenereta kubwa la kukodisha, tukaongea njia nzima mpaka sokoni.

Nikamwambia mzee jina halipo.

 Alisema basi Ella hakuvuka. Kama angevuka, angemtafuta. Angekuwa kwenye karatasi. Kwa hiyo boti ile ilirudi, na mtoto yuko kule peke yake.

Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini watu walikuwa wamekwisha kupanga mstari mpaka kwa muuza mkaa.

Sinema ya mwisho ya Kinloki, kabla hajaacha kazi na kwenda kufuga kondoo kisiwani kwao. Ana ndevu nyeupe. Anavuka milima kwa miguu kumtafuta binti yake aliyepotea kwenye vita. Mzee alikuwa anaionyesha sinema hii Bujumbura Oktoba ile ya 1993, rais wao alipouawa. Mkanda wa mwisho haukuwahi kuingia kwenye mashine. Watu walikimbia, umeme ukakatika. Miaka mitano hajui kama yule baba alifika.

Na dakika za mwisho hazina neno hata moja. Muziki tu. Akanishika mkono, akaniuliza naona nini.

Niliona Kinloki amefika kwenye nyumba. Amegonga. Hakuna mtu. Amekaa kizingitini, theluji inamwangukia, basi.  Nyuma, mama mmoja alifuta macho kwa khanga.

Nikamnong'oneza mzee kwamba mlango umefunguliwa. Binti ametoka. Wamekumbatiana.

Nilifanya hivyo kwa sababu mtu mwenye huzuni hawezi kurudia wiki nyingine ya Kinloki. Na pia kwa sababu alikuwa ameushika mkono wangu. Sijui sababu ipi ilitangulia. Ningependa kujua.

Alisema, "Mana yanje," yaani Mungu wangu, kwa Kirundi chao. Akalia bila sauti.

Jumamosi, 13 Juni

Ameondoka. Asubuhi alikuwa amekwisha kukunja blanketi. Anakwenda Mwamgongo kwa boti ya abiria, na kule atatafuta wavuvi wa kumvusha mpakani. Nilimwambia kule kuna vita. Akasema anajua, alitokea huko. Nilimwambia kibali chake kinaisha. Akasema kitaishia njiani. Nilimwambia haoni. Akasema usiku ule wa kukimbia hakuna aliyekuwa anaona.

Mwishowe nikamwambia kwamba Kinloki ni Kinloki tu, ile ni sinema. Akanipiga begani.

"Mwanangu, miaka mitano nilikuwa naogopa kujua mwisho. Sasa siogopi."

Marcelina alimfungia mihogo mikavu na dagaa. Nilimsindikiza mpaka ufukweni. Nilikuwa na njia nzima ya kusema. Nilisema habari za hali ya hewa.

Jumatatu, 15 Juni

Saa nne asubuhi msichana alisimama mlangoni. Amevaa viatu vya kiume, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisema shikamoo, akauliza kama hapa ndipo kwa mzee wa sinema. Aliona jina la baba yake ubavuni mwa lori la mahindi, karibu na kambi anakoishi. Kambi nyingine, si ya mzee. Alitembea siku mbili.

Ella.

Marcelina alimkalisha, akampa maji. Ella alisema alishangaa sana kumwona baba yake kwenye tangazo na si kwenye ofisi, kwa sababu jina lake mwenyewe limebandikwa mjini Kigoma tangu Mei. Karatasi ya tatu, katikati.

Marcelina aligeuka taratibu, akanitazama. Hakuuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Nilitoka nje kuangalia jenereta. Halikuwa na tatizo. Nililiangalia muda mrefu.

Jumanne, 16 Juni

Mwamgongo, na Ella. Njia nzima majini, kwa mara ya kwanza, sikuwa na mpango. Tulimkuta Leonardi, mwenye boti ya injini, anashona nyavu. Alisema mzee wa kofia ya sufi alikaa kwake siku mbili akisubiri upepo utulie. Aliwasimulia wavuvi sinema moja, ya baba aliyevuka milima. Wakampenda, wakamvusha. Lini? Jana, kabla ya jua. Walimshusha salama, akashika njia kwa miguu.

Jana kabla ya jua Ella alikuwa Mwandiga, anauliza njia.

Alikaa kwenye mawe, akayatazama maji ya kaskazini. Nikamweleza. Orodha, zote mbili. Miwani. Mlango uliofunguliwa. Nilidhani atanipiga na nilimngoja anipige. Aliuliza tu, "Alifurahi?"

Nikasema ndiyo, alifurahi sana.

"Basi amekwenda akiwa na furaha," alisema, na hapo ndipo alipolia.

Jumatano, 17 Juni

Ella amerudi kambini, hawezi kuzidisha siku. Ameacha barua. Leonardi ana jamaa upande wa pili, na kila Ijumaa saa sita mchana boti yake inatoka ufukwe wa Ujiji. Barua ikimfika mzee, atajua binti yuko huku, atarudi. Ella ameniomba mimi niipeleke. Marcelina alitaka kuichukua yeye. Ella akasema hapana, apeleke Bwana Gervasi. Sijui kwa nini aliniamini. Labda hakuniamini, labda alitaka nipate nafasi.

Nimeapa. Nimetubu mbele ya Marcelina, kwa magoti. Nimekwenda kwa Yasmini, nimekiri habari ya miwani. Alisema anajua, alijua siku ileile, na kwamba ataitunza miwani mpaka mzee arudi. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Ijumaa, 19 Juni

Nimefikiri, na si sahihi kujilaumu kupita kiasi. Nani aliyemleta Ella? Tangazo langu. Ofisi ilibandika jina wiki tatu, hakuna kilichotokea. Mimi nilipaka rangi nyekundu mara moja, mtoto akaja. Watu wa misaada wangeweza kujifunza hapo.

Mtaa mzima unaijua habari hii sasa. Wanaulizana barabarani. Asubuhi nimeandika ubao mpya: SINEMA YA MWISHO YA HAMISI KINLOKI, BAADAYE KISA CHA KWELI CHA BABA NA BINTI, ANASIMULIA SHAHIDI MWENYEWE. Nimehamisha onyesho kutoka saa kumi hadi saa tano, kwa sababu ya watu wa sala ya Ijumaa. Walijaa mpaka dirishani. Wengine walitoka kwa Yasmini, niliwahesabu. Nilisimulia vizuri. Sehemu ya mawe ya Mwamgongo watu walilia, na mimi pia nililia, kwa dhati.

Nilipotoka, ilikuwa saa saba kasoro. Boti ya Leonardi ilikuwa imebaki nukta upande wa rasi ya Bangwe, halafu hata nukta haikuwepo.

Si mbaya. Leonardi anatoka tena Ijumaa ijayo. Mzee anatembea polepole, hatakuwa amefika mbali. Barua nimeiweka kwenye boksi la kanda, mahali pakavu.

Marcelina ameuliza kama nimeipeleka. Nimemwambia nimempa Leonardi mkononi.

Alisema, "Asante, mume wangu." Amenipikia mgebuka.