Pazia la Fursa Sawa

Basi asubuhi hiyo, Redio alifika kwenye benchi la Mama Kahawa na gazeti kwapani, na akifika hivyo ujue hakuna atakayeimaliza kahawa yake ikiwa ya moto. Kazi yake kuuza mitumba, lakini ule mdomo ungeweza kumuuzia mwavuli mtu aliyekwisha lowa.

"Manispaa yetu imeokoka," akasema, hata hajakaa.

Akasoma. Manispaa inatafuta dereva mmoja wa lori la taka, na kuanzia sasa ni fursa sawa kwa wote: hakuna cha mtoto wa nani, wala cha mwanamke au mwanamume. Usaili unafanyika leo leo, nyuma ya pazia. Mwombaji hana jina, ana namba. Hata sauti asitoe, isije ikamponza. Akiulizwa swali anagonga meza, mara moja ndiyo, mara mbili siyo.

Mama Kahawa, kopo mkononi, akataka kujua hiyo kamati ya usawa ina kina nani. Redio akafuatisha kwa kidole: mwenyekiti, shemeji ya mwenyekiti, na wanaume wengine wanne. Na mwanamke mmoja.

"Angalau," Mama Kahawa akasema.

"Huyo ni wa kuleta chai."

Benchi likacheka mpaka likayumba, maana mguu wake mmoja umeegeshwa kwenye tofali. Aliyecheka kidogo ni Mzee Faili, pale pembeni. Huyu alikuwa tarishi wa manispaa miaka thelathini, kubeba mafaili ghorofa ya juu, kushusha mafaili ghorofa ya chini, hadi jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Na kulikuwa na jambo amelifungia kifuani tangu juzi. Namba saba, nyuma ya pazia saa ile ile, ni bintiye.

Binti kaendesha lori la kokoto machimboni miaka sita. Machimbo yamefungwa. Manispaa amekwisha omba mara tatu, na mara tatu wamemjibu kwamba kazi hiyo inataka nguvu, kana kwamba lori linabebwa kichwani. Safari hii alimwambia babaye wakikataa tena, leseni anaitia kabatini na hataiulizia. Mzee hakuthubutu kuwaambia wenzake. Ukimwambia Redio, umeliambia soko zima.

Hapo akaja Wembe, kinyozi wa jirani, bado ana taulo begani.

"Hilo pazia lenu lina tundu," akasema. Jana amemnyoa mpwa wa mwenyekiti. Kijana kakaa kitini, mara kakohoa: koh, koh, koh. Wembe akasimamisha mashine. Anaendelea, kijana tena: koh, koh, koh. Sikio nusura libaki sakafuni. Kumuuliza kama anaumwa, akasema haumwi, anafanya mazoezi. Mjomba kamwagiza akifika nyuma ya pazia akohoe mara tatu, ajulikane ni yeye.

Redio akalikunja gazeti taratibu. Mama Kahawa akasonya. Mzee Faili akamwona kichwani mwake binti yake kule, anagonga meza kwa adabu, na kabati nyumbani linamsubiri.

"Pazia lenyewe ni jipya?" akauliza, ili tu asinyamaze.

Wembe akasema lipya litoke wapi, amewaona wanalitoa stoo, la bluu, zito, linabebwa na watu wanne.

Mzee akaweka kikombe chini. "La bluu? Lenye pindo la dhahabu?"

"Hilo."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Wakadhani analia. Kumbe ni kicheko, kinapanda kutoka tumboni, kofia ikaanguka na asiiokote. Pazia lile alilikunja yeye mwenyewe, kwa mikono yake, miaka ishirini na miwili iliyopita, akalisukumia nyuma ya magunia ya saruji, na tangu siku hiyo halijaona maji wala jua.

"Wanangu," akasema akifuta macho, "nyuma ya pazia lile hata jiwe litakohoa."

Hata adhuhuri walikuwa bado wanashikana mabega kwa kucheka, pale lori la taka la manispaa lilipoingia kichochoroni kinyumenyume, likapita kati ya jiko la Mama Kahawa na ukuta wa Wembe bila kugusa hata moshi, likasimama. Akashuka mwanamke mwenye ovaroli, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamooni. Shikamoo, baba."

Redio akageuka kumtazama Mzee Faili, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue haukutoa kitu.

Binti akawasimulia huku akinywa maji. Waombaji kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja wamekohoa, tena si mara tatu, mpaka kugonga meza hawakuweza. Mwenyekiti kila kikohozi akaandika "huyu ndiye". Kuja kuhesabu, wote wamepita. Kamati ikabaki kutazamana. Ndipo yule mama wa chai akauliza, kwa heshima zote, kwa nini wasipewe tu lori warudi nalo nyuma. Mpwa akarudi nalo. Akaangusha bango la getini, lile lililoandikwa Fursa Sawa kwa Wote, na mlinzi akaruka ukuta. Wakafuata wengine; namba saba pekee ndiye aliyeliegesha mara moja. Taka zina wiki mbili, wakamwambia aanze leo.

"Ovaroli ndiyo kubwa, baba. Wanazo za wanaume tu."

"Tutaipunguza," Mzee Faili akasema. Alitaka kuongeza neno lingine, lakini sauti ikamkatikia, akageuza uso ukutani akasafisha koo. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Wembe akamgonga begani polepole.

"Pole, mzee wangu. Nafasi imeshajaa."