Yesi, Ofkozi

Siku ya mahafali, wengine walipokuwa wakipiga picha, Bwana Tai alisimama langoni mwa chuo akisikiliza. Hakuwa na mhitimu wake pale; alikuwa na tai nyekundu na masikio. Baba mmoja mwenye duka la vipuri alikuwa akimhoji mwanawe aliyevaa joho.

"Kiingereza umekimaliza?"

"Nimekimaliza, baba."

"Haya. Sasa kazi yake nini?"

Bwana Tai akatazama umati wa majoho, akaona wazazi tele wenye swali hilohilo, na hakuna hata mtu mmoja wa kuwauzia jibu.

Wiki iliyofuata alichukua akiba yake yote akalipia kodi ya nusu mwaka, vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani. Ilimuuma, lakini mwenye nyumba alikataa kupokea pungufu; wajanja hutambuana. Mlangoni akabandika: KITUO CHA AJIRA ZA NG'AMBO KWA WALIOSOMEA KIINGEREZA. Angekusanya ada za usajili Jumamosi moja, kisha ayeyuke.

Kikwazo kilikuwa wazazi. Walitaka kumsikia mwajiri. Si kumwelewa, kumsikia tu, tena kwa urefu wa kuridhisha. Naye Bwana Tai Kiingereza chake kilianzia kwenye "yesi" kikaishia kwenye "ofkozi".

Kwa hiyo binti mmoja mhitimu alipopanda ngazi, bila mzazi wala ada, alipewa kazi papo hapo.

"Mdogo wangu, wewe ndiye mwajiri. Unakaa chumba cha nyuma, mimi napiga simu, wewe unamwaga Kiingereza. Mkoba wa ada nao utakaa huko, maana mlango wake una komeo."

"Niseme nini?"

"Chochote. Bora kiwe kirefu."

"Na nitalipwaje?"

"Kwa uzoefu."

Binti akasema sawa.

Jumamosi wazazi walikaa kwenye viti, yule mwenye duka la vipuri akiwa miongoni mwao, wahitimu wakasimama ukutani. Bwana Tai akapiga simu, akafungulia spika. Kiingereza kikatoka kama maji ya bomba lililopasuka. Wazazi wakatikisa vichwa kwa heshima. Wahitimu waliacha kuchezea simu zao. Mmoja akakohoa, mwingine akauma ukosi wa shati lake. Bwana Tai akajua wameguswa. Sauti iliposita, akajibu, "Yesi." Iliposita tena, akakaza tai: "Yesi, ofkozi!"

Wahitimu wakapiga makofi, wazazi wakafuata. Ada zililipwa bila mtu kuomba kupunguziwa, jambo ambalo lingemshtua tapeli yeyote asiye na furaha. Mkoba ukapelekwa nyuma. Bwana Tai akawasindikiza wazazi mpaka barabarani, akawashika mikono mmoja mmoja, akarudi juu mbio.

Chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Alipogonga, alifungua mwenye duka la vipuri. Nyuma yake walikuwamo wahitimu wote, wameshagawana meza. Mkoba ulikuwa umelala mdomo wazi, mtupu.

"Karibu, muungwana," mwenye duka alisema. "Mwanangu kanitafsiria. Mwajiri alikuuliza kama ada zirudishwe kwa wenyewe, ukasema yesi. Akakuuliza kama vyumba hivi, kwa kodi uliyokwisha lipa, uwaachie vijana wafungue ofisi ya kutafsiri, kuhariri na kuandikia watu matangazo. Ukasema yesi, ofkozi. Mbele yetu sote! Mimi sijaona moyo kama huo."

"Mzee, mimi..."

"Au ulikuwa hujui ulichojibu? Niwaite wazazi wenzangu uwaeleze? Bado wako hapo chini kwa fundi."

Bwana Tai akalegeza tai. Lilikuwa jambo geni kwake.

"Kaka," binti alisema kutoka kwenye kiti kilichokuwa cha Bwana Tai, "tunahitaji mtu wa kusimama chini aite wateja. Ulimi unao."

Bwana Tai alifikiria akiba yake, akafikiria ngazi, akawafikiria wazazi walioko mwisho wa ngazi.

"Nitalipwaje?"

Binti hakuinua hata macho.

"Kwa uzoefu."