Ng'ombe Wasioonekana wa Shimo la Mawese

Jumatatu, tarehe 29 Aprili

Siku mbaya. Kina mama walikuja kwangu wakiongozwa na Mama Elisabeth, shemasi wa kanisa, kila mmoja na beseni la mihogo aliyoloweka kijitoni. Wakayatua mabeseni mbele ya mashine yangu ya kukamulia mawese. Wakasema ninuse. Nikanusa. Ilikuwa harufu ya shimo langu, lile ninamomwaga maji machafu yanayobaki mafuta yakishatoka. Limejaa, linafurika mpaka kijitoni. Mama Elisabeth hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Papa Gisa, batoto balikatala kula. Bugali iko inanuka mashini yako."

Shefu wa kijiji akatoa hukumu papo hapo: kijito kikiwa bado kinanuka siku ya Pentekoste, mashine inaondolewa. Iende wapi? Hapa Walikale ndipo nilipoangukia baada ya vita kumaliza ng'ombe wetu kule Karuba. Mtamba wa mwisho nilimuuza nikanunua mashine hii. Sina kingine duniani. Umutoni, mke wangu, amesema hana nguvu za kuanza upya mara ya tatu. Hakulia. Mimi nililia kidogo, nyuma ya choo.

Damascène, mwenye mashine ya ng'ambo ya kijito, alipita akanitazama kwa huruma. Simpendi mtu mwenye huruma ya namna hiyo.

Jumatano, tarehe 1 Mei

Amekuja Séraphin, agronome, bwana shamba wetu. Anasema nina bahati. Bahati! Eti mle shimoni mnaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, tone moja tu lina umati wao, na chakula chao ni yale mafuta na uchafu. Mapovu yanayopanda juu ni pumzi yao. Wakipewa muda, wanakula mpaka maji yanaacha kunuka. Kazi yangu ni kuchimba shimo la pili ili maji yapite polepole, nisimwage maji ya moto, kisha niwaache. Alilirudia hilo: niwaache tu. Kumbe Damascène ndivyo anavyofanya miaka yote.

Yaani Damascène ana mifugo na mimi sikujua. Nilirudi shimoni nikachutama. Wanakula, wanapumua, wanazaana. Kama hiyo si mifugo, ni nini? Mimi, mtoto wa wafugaji, nimekaa miaka yote hii bila hata ndama, kumbe kundi liko nyuma ya nyumba yangu. Nimewaita Gaju, jina tunalompa ng'ombe wa kahawia, maana maji yao yana rangi hiyo. Ila kuwaacha tu? Mfugaji gani anaacha wanyama wake? Séraphin ni mtu wa maharage, hajui mambo haya.

Jumapili, tarehe 5 Mei

Shimo la pili limekwisha. Umutoni amechimba zaidi, mimi nilikuwa nachunga. Nawapigia mluzi asubuhi na jioni. Damascène alinikuta, akauliza namwita nani. Nikajibu kwamba nakausha midomo. Hakuuliza tena.

Baada ya ibada Mama Elisabeth alikiri kwamba harufu imepungua. Umutoni alicheka njiani, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Mapovu yanapanda vizuri. Lakini ya Damascène yanapanda vizuri zaidi, nilienda kuchungulia kupitia migombani. Haiwezekani Damascène, naye mkulima wa maharage tu, anishinde kufuga. Kwetu Karuba ng'ombe asiyelambishwa chumvi hanenepi. Nimeshaamua.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Niliwapa chumvi jana. Gunia zima, lile la biashara ya Umutoni. Nilikoroga kwa fito huku nikiimba nyimbo tunazowaimbia ng'ombe wakinywa maji. Leo asubuhi kimya. Hakuna povu hata moja. Nikajua wameshiba, wamelala wanacheua. Jioni bado kimya.

Umutoni aliuliza chumvi iko wapi. Nikamwambia wezi. Akasema hajawahi kusikia mwizi anayebeba chumvi na kuacha gunia limetandazwa pembeni ya shimo. Tumekula sombe, majani ya mihogo, bila chumvi. Alikula akiwa amenigeuzia mgongo.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Harufu imerudi, mbaya kuliko ya kwanza. Kundi linaumwa. Dalili zote naziona: hawali, hawapumui, wamepoa. Séraphin yuko Omate mpaka wiki iishe. Kumuuliza Damascène? Afadhali nife.

Nikakumbuka chupa za oxytétracycline alizonipa shemeji enzi za Karuba, ile dawa ya sindano tunayomdunga ng'ombe mwenye homa. Shida ni moja: utamdunga wapi mnyama usiyemwona? Nikamimina. Zote, katika kila pembe ya shimo, asibaki hata mmoja bila dawa yake. Nikakaa nao mpaka mvua ikanifukuza. Niliwaomba wajikaze. Kundi la kwanza lilichukuliwa na bunduki. Hili sijui linachukuliwa na nini.

Jumapili, tarehe 19 Mei, Pentekoste

Shefu alifika, akanusa, akaziba pua kwa kofia. Mashine inaondoka, alisema.

Séraphin naye alikuwepo. Aliuliza nimewafanyia nini. Nikamweleza yote, tena kwa fahari kidogo, maana nimehangaika. Akakaa chini kwenye gogo. "Papa Gisa, chumvi ile yote iliwakausha. Na homa ya ngombe inaletwa na vidudu. Ile dawa iko inaua vidudu."

Niliwaua mwenyewe. Kwa mkono wangu, nikiwaimbia. Nilitamani ardhi inimeze, ila ardhi iliyokuwa karibu ni lile shimo.

Aliyeniokoa ni Mama Elisabeth. Alimwambia shefu kwamba Umutoni alichimba peke yake kama punda, na mashine ikiondolewa atakayeadhibiwa ni yeye. Shefu ametupa mpaka mwisho wa mwezi. Hakuna nafasi nyingine baada ya hiyo. Mimi shefu hakunitazama hata mara moja.

Jumanne, tarehe 21 Mei

Aibu juu ya aibu. Kina mama na Damascène wametuchimbia shimo jipya, mbali na lile la mauti. Kisha Damascène akaleta bido, dumu zima la maji ya shimo lake, mazito, meusi, yaliyojaa wale wanyama. Akayamimina bila maneno mengi. "Kaka, usiguse. Hata kidole." Nikaapa juu ya Biblia ya Umutoni. Yeye aliishika kwa mikono miwili nilipokuwa naapa.

Ijumaa, tarehe 24 Mei

Mapovu yanapanda. Umutoni ameenda kanisani kutoa shukrani.

Nimetimiza kiapo. Sijatia chumvi, sijatia dawa ya sindano, sijagusa hata kidole. Nimeketi tu, nimewaza, na nimeelewa. Kosa langu lilikuwa kuwatibu, wakati mfugaji mwenye akili anakinga. Tena nimegundua jambo ambalo Séraphin kwa elimu yake na Damascène kwa kiburi chake hawakuliona: wanyama hawa wanaishi katika maji machafu! Mchana kutwa wanakunywa uchafu, halafu tunashangaa wanakufa. Sisi wenyewe kituo cha afya kimetukataza kunywa maji yasiyotiwa chlore, ile dawa ya kusafishia maji.

Chupa ya chlore aliyoileta Umutoni jana iko hapa mlangoni, imejaa. Nimeshaifungua. Hakuna mnyama wa Gisa atakayekunywa maji machafu tena.