Seva Yangu Haina Kosa

Jumatatu, 10 Machi
Mvua asubuhi, kisha jua. Hapa ofisini kwa ushirika wetu wa wachuuzi, mkurugenzi, Mama Kapinga, ametuletea Éliane kutoka Likasi. Amekuja, eti, kunisaidia na seva. Kunisaidia! Miaka minne nimeilea peke yangu. Wachuuzi huingia humo kwa simu kuandikisha mizigo yao ya treni. Wanalalamika ni nzito. Wachuuzi! Hawajaiona programu niliyoandika kwa mkono wangu: kila sekunde inaiuliza seva kama iko hai, na kama ushahidi inadai orodha ya mizigo yote ya miaka minne.

Éliane ametundika skrini ukutani. Ombi la mchuuzi likichelewa, linatokea jekundu. Kufika saa sita ukuta mzima ulikuwa mwekundu.

Jumanne, 11 Machi
Nimepata dawa! Mama Kapinga huja kutazama skrini saa tatu. Saa tatu kasorobo nikazima seva, nikaiwasha. Skrini safi kabisa, bila doa. Nikapongezwa mbele ya Éliane. Naye akauliza, kwa upole unaoudhi, yale maombi yaliyokuwa yakisubiri yameenda wapi. Nikamjibu yamepumzika.

Jumatano, 12 Machi
Nimerudia dawa. Mara nne.

Mchana akapiga simu Feza, anayeuza samaki wakavu wa Kinkondja. Yuko stesheni ya Bukama na magunia yake. Treni ni kesho, na bila kuandikishwa hayapakiwi. Alikuwa karibu kulia. “Papa Umba, minyi nabonyeza, inazunguka tu, kisha inakufa! Samaki yangu iko inalowa!” Nikamwambia ni mtandao wa Bukama. Nilipokata simu nilijisikia vibaya kidogo. Nikanywa chai. Ule ubaya ukapungua.

Alhamisi, 13 Machi
Siku mbaya. Éliane alimweleza Mama Kapinga kwamba seva ni kama stesheni yenye madirisha kumi, na yote kumi yameshikwa na mteja mmoja asiyeondoka. Wengine wanasubiri nyuma yake. Nikapiga meza: mteja huyo afukuzwe! Éliane akainamisha kichwa. “Papa, mteja huyo njo programu yako.”

Akaizima. Ombi la Feza likapita kwa sekunde mbili, saa moja kabla ya treni. Tulimsikia kwenye simu akipiga vigelegele. Hakuniulizia.

Halafu Éliane akaweka kikomo: ombi likizidi sekunde thelathini linakatwa, lisizibe dirisha. Mama Kapinga hakunigombeza. Alimpa tu Éliane kiti changu, kile cha karibu na feni.

Jumamosi, 15 Machi
Éliane ameenda Likasi kwa harusi. Seva ni yangu tena! Nimefikiri kwa utulivu. Kama kikomo cha sekunde thelathini ni kizuri, kifupi zaidi ni kizuri zaidi. Nimekishusha hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Wa Bukama wajifunze kubonyeza haraka.

Matokeo: tangu asubuhi hakuna hata ombi moja lililochelewa. Mizigo iliyoandikishwa: sifuri, ajabu. Simu ya ofisi inalia tangu saa mbili bila kupumua. Bila shaka ni wachuuzi, wanataka kunishukuru. Sipokei. Mimi sipendi makuu.