Nilivyoapa Sidaiwi Mbele ya Baba Mkwe

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya baba mkwe. (Mkwe mtarajiwa. Mahari bado.)

Musyoka na Otieno, nawaandikia nyote wawili kwa karatasi ya kaboni, kila mmoja apate nakala yake, maana kisa hiki siwezi kukiandika mara mbili.

Mnajua nataka kumwoa Njeri. Baba yake ni Mzee Kamau, anayekata viatu vya akala kwa matairi ya magari pale sokoni Kariokor, na hajaniamini tangu siku ya kwanza. Si kwa sababu mimi ni Mkamba, hilo alikwisha kulimeza. Ni kwa sababu nilisoma chuo kikuu. Anasema wasomi ni watu wa maneno.

Sasa Njeri amemaliza kujifunza ushonaji na anataka cherehani. Nikaona hapa ndipo pa kujionyesha. Wiki tatu zilizopita niliingia duka moja mjini linalouza vitu kwa malipo ya kidogo kidogo, nikajaza fomu. Fomu iliuliza: una deni lolote? Nikaandika HAPANA kwa herufi kubwa, nikapiga mistari miwili chini yake. (Mmoja ungetosha.) Wakasema watachunguza habari zangu, kisha nirudi na mdhamini mwenye biashara yake. Mimi karani, mwenye biashara nimtoe wapi? Ikabidi nimwangukie Mzee.

Alikubali shingo upande. Asubuhi hii nimemkuta kibandani, amevaa koti lake la kanisani chini ya aproni. Akavua aproni, tukatembea kwa miguu hadi mjini. Njiani akaniambia kwamba tangu azaliwe hajamwekea mtu sahihi, hata ndugu yake wa tumbo moja. Nikamhakikishia kwamba mimi tangu nizaliwe sijadaiwa na mtu, hata muuza maziwa wa mtaani kwangu Huruma. Nilisema hivyo mara tatu.

Dukani tukapokewa na mama mmoja wa makamo, mpole, miwani imening'inia kifuani. Akafungua faili langu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningependa kubadilisha jibu lolote kwenye fomu. Jamani, yule mama alikuwa ananifungulia mlango wa nyuma nitoroke, mimi nikaupiga teke. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika hadi upande wa makochi kwamba mimi si mtu wa madeni, na waliokuwa wakichagua vitanda wakageuka kutazama.

Akavaa miwani. Akatoa barua. Duka lilikuwa limeandikia kazini kwangu, kisha ofisi ya mikopo ya wanafunzi, na majibu yalikuwa yamerudi yakiwa na mhuri. Akasoma kwamba Daudi Mutiso alipokea mkopo wa serikali miaka yote mitatu ya chuo.

Wenzangu, ni bumu! Zile hela tulizokuwa tukipanga foleni kuzichukua, tukitoka hapo moja kwa moja kwenda kununua viatu vya soli ndefu. Mimi miaka yote nilidhani ilikuwa zawadi ya taifa kwa vijana wenye akili.

Nikasema huyo ni Mutiso mwingine, kwetu Machakos kumejaa akina Mutiso. Yule mama hakubishana. Akageuza karatasi. Hapo palikuwa na nakala ya fomu yangu ya zamani, na pembeni picha yangu, nywele zimejaa hadi nje ya fremu. Chini yake sahihi yangu, na ule mkia niliokuwa nikiuzungusha kama wa waziri. Mzee akaichukua, akaitazama, akanitazama. Sijawahi kuiogopa karatasi kama leo. Mimi nilikuwa nimejisahau kabisa, yenyewe imenitunza, nywele na yote.

"Kwa hiyo unadaiwa," akasema Mzee.

"Anadaiwa," akajibu yule mama, "lakini analipa. Hajakosa hata mwezi mmoja. Wateja wenye rekodi kama hii ni wachache."

Nikamwambia mimi sijalipa hata senti. (Ndiyo. Nilijikana mwenyewe.) Akafuata maandishi kwa kidole hadi penye jina la mlipaji. Bi. Kalunde Mutiso, kwa hawala ya posta.

Huyo ni mama yangu.

Nikaomba kiti. Yule mama akanieleza kwamba barua za kudai zilitumwa kwenye sanduku la posta nililoandika kwenye fomu hiyo ya zamani, na sanduku hilo ni la kanisa letu nyumbani. Mama yangu hajui kusoma. Lazima katekista ndiye aliyemsomea. Na mama akanyamaza, akaanza kulipa. Nikakumbuka nilivyokuwa nikimgombeza kwamba pesa za sukari ninazotuma hazionekani zinakokwenda, nyumba bado inavuja. Tena sitambi, miezi mingi nilisahau kutuma. Yeye hakusahau. Miezi hiyo ni vyondo vyake, vile vikapu anavyosuka na kuuza, vilivyolipa viatu vyangu vya soli ndefu. Nilikaa pale kama mtu aliyeingia kanisani kwa bahati mbaya, mdomo wazi, sijui nisimame au nipige magoti.

Mzee Kamau akairudisha ile nakala mezani, picha ikitazama chini. Nikajua harusi imekwisha. Kisha akanyoosha mkono, akaomba kalamu.

"Sikuwekei wewe sahihi," akaniambia. "Namwekea mama yako."

Akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama anayekata ngozi ya bei.

Cherehani tumeibeba sisi wawili hadi Kariokor, na kabla sijaishusha chini alikuwa amekwisha kuwasimulia mafundi wenzake wa safu nzima. Wakaacha visu vyao kuja kumtazama msomi anayelipiwa na mama. Njeri alipofika hakucheka. Aliuliza tu ni lini nitampeleka akamwone mama, nikasema kesho, kwa basi la kwanza.

Basi Mzee akachagua kipande kizuri cha tairi, akakaa, akanoa kisu. Alitaka kunipa jozi ya akala nimpelekee mama. Akauliza, mbele ya safu nzima: "Mguu wake ni namba ngapi?"

Wenzangu, sikujua.

Chekeni mkipenda. Lakini foleni ya bumu tulipanga wote watatu, na najua hakuna kati yenu aliyewahi kulipa, kwa hiyo kabla ya kucheka nendeni nyumbani mkaulize kwa adabu.